Masharti ya Kuingia Ujerumani: Tujitayarishe Mapema
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo)





Kamati imeniomba nieleze masharti ya kuingia Ujerumani, kwa kuwa tumeazimia kukutana huko katika mkutano wetu ujao. Baadhi yetu tutavuka uwanja wa ndege kwa dakika chache. Wengine, hasa wazee wetu walioko Unguja, Tanga, Mombasa na Maskati, watategemea uamuzi wa afisa asiyewajua. Hao ndio ninaowakusudia leo, kwani mkutano bila ya wao utakuwa karamu isiyo na wenyewe.

Ujerumani ni miongoni mwa nchi 29 za mapatano ya Schengen, yaliyotiwa saini mwaka 1985 katika kijiji cha jina hilo huko Luxembourg. Jamaa mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au Kanada huingia bila ya viza kwa ziara isiyozidi siku 90 katika kila siku 180. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Oman hana budi kuomba viza kwanza. Hata mkaazi wa London anayetumia pasipoti ya Tanzania asidhani kwamba kibali chake cha ukaazi kinamtosha, maana Uingereza haimo katika mapatano hayo.

Pasipoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka. Bima ya matibabu ya safari isipungue yuro 30,000. Ada ya viza, tangu Juni 2024, ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya hapo halipi. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala yasicheleweshwe hadi zikabaki siku pungufu ya 15. Jibu kwa kawaida hutolewa katika siku 15, lakini laweza kufika siku 45. Basi asingoje mtu mwezi wa safari.

Hayo yote hutimizwa kwa fedha na subira. Lililo zito ni swali moja analojiuliza afisa: mtu huyu atarudi kwao? Kijana hujibu kwa barua ya mwajiri na hesabu za benki. Bibi yetu asiye na mshahara atajibu kwa nini? Atajibu kwa hati ya nyumba au ya shamba, kwa karatasi za pensheni ya marehemu mumewe, na kwa maelezo ya watoto na wajukuu wanaomngojea nyumbani. Hati zilizoandikwa kwa Kiswahili ziambatane na tafsiri.

Mwenyeji naye ana sehemu yake. Aliyeko Ujerumani huweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake na kutia saini hati ya dhamana, iitwayo kwa Kijerumani Verpflichtungserklärung. Kwa hati hiyo hujifunga kulipa gharama zote za mgeni, zikiwemo za ugonjwa na za kumrudisha kwao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ameweka rehani mali yake. Mgeni akikaa kupita siku zake, anayedaiwa ni yule aliyemkaribisha.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Sisi mtoto wa ami humwita ndugu, na mama mdogo humwita mama. Ni heshima yetu, wala tusiiache. Lakini katika fomu ya viza, ukiandika kwamba fulani ni kaka yako, na vyeti vya kuzaliwa vikaonyesha wazazi mbalimbali, afisa hatasema hiyo ni mila, atasema umedanganya. Andikeni "mtoto wa ndugu wa baba yangu". Vilevile jina likiwa Fatma katika pasipoti na Fatuma katika cheti cha ndoa, lirekebishwe au lielezwe kwa barua kabla ya kuulizwa. Na asitokee wa kuazima fedha ili kupamba hesabu ya benki kwa wiki moja. Njia ya mwongo ni fupi.

Tahadhari hii imezidi uzito. Zamani aliyenyimwa viza ya Ujerumani aliweza kuandika pingamizi ubalozini. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kuomba upya kwa ada nyingine, au kufungua kesi mahakamani Berlin. Kwa hiyo ombi la kwanza ndilo la kutengenezwa vyema.

Napendekeza kila nyumba imteue kijana mmoja msomi, akae na mzee wake, akusanye hati, asome fomu kwa sauti, na asiandike neno ambalo mzee hakulisema. Na mwishowe tukumbuke kwamba viza si ahadi ya kuingia: askari wa mpakani ana haki ya kuuliza tena. Mzee awe na barua ya mwaliko, tikiti ya kurudi na bima ndani ya mkoba wake, si katika sanduku lililokwenda na mizigo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tukutane sote, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja arejee kwao salama.