Ndege Wetu, Vyumba Vyetu, Vijana Wetu
(Maneno yaliyotolewa kwenye harambee ya mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya nyumba za wageni vijijini kwetu. Nitasema juu ya ndege, na mwisho nitaomba pesa.

Habari ya nyumbu kila mtu anaijua. Kati ya Julai na Oktoba wanavuka Mto Mara kule Kogatende na Lamai, na wageni hujaa. Ikifika Desemba nyumbu wako kusini, upande wa Ndutu, na sisi wenye vyumba tunahesabu vitanda vitupu. Lakini kuanzia Novemba hadi Machi ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya wako kwetu: korongo weupe, mbayuwayu na wengine wengi. Hifadhi ya Serengeti ina zaidi ya aina 500 za ndege. Ukishuka hadi daraja la Kirumi, kwenye mafunjo ya Mto Mara, utakutana na ndege wa maji ambao mbugani huwaoni kwa urahisi.

Mgeni wa simba analala usiku mmoja, alfajiri yumo garini. Mgeni wa ndege anakunywa chai kabla jua halijachomoza, anatembea kwa miguu kwenye vijia vya mashamba, anarudi kula, jioni anatoka tena. Analala siku tatu, hata nne. Kuku anayemla ni wa kwetu, ndizi ni za kwetu. Anayemwongoza naye angepaswa kuwa wa kwetu.

Hapo ndipo tunapokwama. Kijana anayechunga ng'ombe anamjua ndege kwa sauti kabla hajamwona, na jina lake analo kwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kijaluo. Ila mgeni ana kitabu chenye jina lingine. Kijana akikosa darubini na kitabu hicho, kazi inachukuliwa na mwongozaji aliyekuja na gari kutoka Arusha.

Jambo hili ni zito kuliko posho ya siku moja. Ndugu zetu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanaijua hifadhi kwa mahindi yaliyoliwa na tembo. Ukimwambia mtu huyo asichome mafunjo wala asikate mkuyu, atakuuliza, "Nitapata nini?" Ni swali la haki, na hotuba haimtoshi. Mtoto wake akileta unga nyumbani kwa kumwonyesha mgeni bundi aliye kwenye mkuyu ule, mti utasimama.

Kwa hiyo naomba sehemu ya mchango wa mwaka huu inunue darubini na vitabu, na ilipie mafunzo ya vijana wetu, wasichana kwa wavulana, kutoka wilaya zote mbili. Mnaoishi mbali, kama mna darubini imelala kabatini, ileteni. Wenye nyumba za wageni, tuache miti isimame, tuweke karai la maji uani, na tuwakataze watoto manati.

Mimi naanza: wakati wa mafunzo, wanafunzi na mwalimu wao watalala kwangu bila malipo. Ndugu Mwenyekiti, naomba kapu lipite.