Kusafirisha Tarumbeta

Wamisionari wa Kanisa la Moravian walianza kazi Mbozi mwaka 1899, na kupiga tarumbeta ni desturi ya kanisa hilo tangu zamani. Tarumbeta ya kwaya hununuliwa kwa senti za watu wengi. Ikipondeka njiani kutoka Iyula kwenda Mbeya, hasara ni ya wote.

Basi, kwanza imwage maji na kuikausha. Kisha toa kipande cha kupulizia, ukifunge peke yake kwa kitambaa: kikiachwa mahali pake huenda kikakwama, kikiwa huru sandukuni huiponda shaba. Jaza nguo ndani ya mdomo mpana na pande zote, usigusane na mbao. Mwisho, funga sanduku ulitikise. Ukisikia kitu kinacheza, fungua ujaze tena. Sanduku likinyamaza, lipeleke garini.