Kipandauso: Dawa Inayomezwa Siku Usiyoumwa

Haya ni mazungumzo ya afisa wa kliniki wa hospitali ya kaunti ndogo kwa wakazi waliohudhuria siku ya afya ya wadi. Tumeyachapisha kama alivyoyasema.

Nimeambiwa nina dakika ishirini na kwamba baada yangu kuna mambo ya chanjo ya mifugo, kwa hivyo sitazunguka.

Naanza na swali, na msinijibu kwa mdomo, nyoosheni mkono tu. Nani hapa ana tembe za kichwa mfukoni au kwenye mkoba sasa hivi? Naona. Mama mmoja hapa mbele amenyoosha mikono miwili. Basi nyinyi ndio nimewajia.

Kichwa huuma kwa sababu nyingi, na hapa kwetu tukiumwa kichwa tunasema malaria kabla hata ya kupimwa. Pima kwanza. Kipimo kikionyesha huna malaria, usimeze dawa ya malaria. Ninayetaka kumzungumzia leo ni yule ambaye amepimwa malaria mara tano, amepimwa homa ya matumbo, amenunua miwani, na kichwa bado kinarudi vilevile kila baada ya siku kadhaa.

Kipandauso mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa na kugonga kama mtu anayetwanga. Ukipanda ngazi kinazidi. Unasikia kichefuchefu, pengine unatapika. Mwanga unakukera, kelele za watoto zinakukera, harufu ya mafuta ya kukaangia inakukera. Unataka chumba chenye giza na leso ya kukaza kichwa. Usipokitibu kinaweza kudumu kuanzia saa nne hadi siku tatu nzima. Na kuna wengine ambao kabla ya maumivu huona vimulimuli au mistari ya mwanga iliyopindapinda, au mkono unakufa ganzi kwa nusu saa hivi. Hao nitawarudia, kwa sababu wana jambo lao la kuambiwa.

Wanawake wanaougua ni karibu mara tatu ya wanaume. Mara nyingi urithi wa familia umo ndani yake, ndiyo maana utasikia mtu akisema, "Mama yangu pia alikuwa hivi." Si jini, si uvivu, na si kisingizio cha kutokwenda shambani. Nimeona wagonjwa wenye chale pembeni mwa paji la uso, kovu juu ya kovu, waliochanjwa tangu utotoni. Siwacheki. Mtu anayeumwa hivyo atajaribu chochote.

Sasa nirudi kwa wale wa tembe mkobani. Kuna mama muuza samaki ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina. Alikuwa anameza tembe mbili asubuhi kabla ya kwenda sokoni na mbili jioni, kila siku, kwa miaka miwili. Zile za dukani, zenye aspirini, parasetamoli na kafeini pamoja. Aliponijia alisema, "Daktari, nipe kali zaidi, hizi zimeshindwa." Nikamwambia hazijashindwa, bali zimegeuka. Ukimeza dawa ya kawaida ya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, na ukaendelea hivyo zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kuleta kichwa. Zile zilizochanganywa, kama za mama yetu, huhitaji siku 10 tu kwa mwezi. Ubongo unazoea. Tembe ikiisha nguvu, kichwa kinaamka na kudai nyingine. Unameza, kinalala, kinaamka tena. Na mtu anahesabu kwamba ugonjwa umezidi, kumbe analisha kitu kilekile anachokimbia. Tena aspirini ya kila siku inachubua tumbo.

Kuziacha si rahisi. Siku za kwanza, hata wiki mbili, kichwa huuma zaidi kabla hakijapoa, na ndipo wengi hurudi dukani. Kwa hivyo njoo tupange pamoja, usijiachishe peke yako halafu ukakata tamaa.

Lakini huwezi kumnyang'anya mtu tembe zake ukamwacha mikono mitupu. Hapo ndipo inapoingia dawa ya kinga, na ndiyo iliyonileta hapa.

Dawa ya kinga haitulizi maumivu. Ukiimeza wakati kichwa kinauma haitakusaidia leo. Unaimeza kila siku, siku unayoumwa na siku unayocheka, ili mashambulizi yapungue na yale yanayobaki yawe mepesi. Tunaifikiria kwa mtu anayeumwa siku nne au zaidi kwa mwezi, au anayeumwa mara chache lakini kila mara analazwa kitandani, au ambaye dawa za maumivu hazimfai.

Inayotumika sana inaitwa propranolo. Ilitengenezwa kwa ajili ya moyo, na mtu aliyeibuni, James Black wa Uskoti, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Faida yake kwa kipandauso iligunduliwa kwa bahati tu. Miaka ya sitini madaktari waliokuwa wakiwapa watu wenye maumivu ya moyo walisikia mgonjwa akisema kipandauso chake kimepungua, na mwaka 1966 wakaandika habari hiyo. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na imetajwa hasa kwa kazi hii ya kuzuia kipandauso. Ni dawa ya zamani, na bei yake si ya kutisha.

Nawaambia historia hiyo kwa sababu moja. Mgonjwa anatoka kwangu na karatasi, anafika duka la dawa, anaambiwa, "Hii ni ya presha." Anarudi nyumbani, jirani anamwambia, "Kumbe una presha na hukutuambia!" Anaogopa, anaiweka kabatini. Ya pili, amitriptilini, ina mkasa mkubwa zaidi. Hiyo ilianza kama dawa ya sonona, na mtu akiambiwa ni dawa ya akili anaona tumemwita mwendawazimu. Mume mmoja alikuja kunigombeza kabisa kwamba nimempa mke wake dawa ya wazimu. Tuliketi, nikamwonyesha kipimo. Kwa kichwa tunaanza na miligramu 10 au 25 usiku. Kwa sonona kipimo huwa mara kadhaa ya hicho. Dawa moja, kazi mbili, kama panga linalolima na kukata kuni. (Na hata kama ingekuwa ni sonona, si aibu. Hilo tutalizungumza siku nyingine.)

Sasa hatari zake, kwa sababu kila dawa inayofanya kazi ina upande wa pili. Mwenye pumu asiguse propranolo. Narudia kwa sauti: mwenye pumu asiiguse, inaweza kubana kifua mpaka mtu akose pumzi. Ndiyo maana namwomba kila mtu asimpe jirani tembe zake. Najua ni desturi yetu, "nigawie mbili nijaribu." Kwa unga na chumvi, sawa. Kwa propranolo, hapana. Mwenye kisukari anayejidunga insulini atuambie, kwa sababu dawa hii hunyamazisha dalili za sukari kushuka, kama moyo kwenda mbio. Mwenye mapigo ya moyo ya polepole pia aseme. Wengine huchoka, mikono hupoa, huota ndoto za ajabu. Na ukishaizoea usiikate ghafla. Tunapunguza kidogo kidogo.

Amitriptilini huleta usingizi, kinywa kukauka, choo kigumu, na wengine hunenepa. Kwa yule ambaye usiku halali, huo usingizi ni baraka.

Zipo pia valproeti na topirameti, ambazo ni dawa za kifafa. Hizi zinafanya kazi, ila valproeti inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na topirameti nayo ina hatari kwa mimba. Binti au mama anayeweza kushika mimba asizitumie kwa ajili ya kichwa bila kuketi na daktari na kuelewa vizuri. Nchi za ng'ambo kuna sindano mpya za kinga zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2018, na bei yake iko mbali na mfuko wa mkulima. Tusihangaike nazo leo.

Mimi mwenyewe nina kipandauso. Nilianza nikiwa chuoni. Niliandikiwa propranolo, nikaimeza siku kumi, kichwa kikauma siku ya kumi na moja, nikasema hii ni takataka, nikaitupa. Mimi, mtu wa afya! Nilipoteza mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeniambia maneno ninayowaambia sasa, au labda niliambiwa sikusikia: dawa ya kinga huchukua wiki sita hadi nane, wakati mwingine miezi mitatu, ndipo ujue kama inakufaa. Tena huwa tunaanza na kipimo kidogo na kupanda taratibu. Nilipoirudia nilijilazimisha kuhesabu. Mwezi wa kwanza niliumwa siku tisa. Wa tatu, siku nne. Sikupona. Siku nne bado ni siku nne. Lakini siku tano zilizorudi ni siku za kazi, na za watoto wangu kuniona nimesimama.

Hicho ndicho kipimo chetu cha kufaulu: siku za maumivu zikipungua kwa nusu, dawa inafanya kazi. Anayesubiri kichwa kisiume tena kabisa ataona kila dawa imeshindwa. Kwa hivyo naomba kila mmoja awe na daftari la shule au kalenda ya ukutani. Siku ya kuumwa tia alama. Siku uliyomeza dawa ya maumivu tia alama nyingine. Usiyejua kuandika chora mstari. Mama wa samaki alichora samaki, kalenda yake ilikuwa inapendeza! Ukija nayo, nakutibu kwa unachoniletea, si kwa kukisia. Ya kwanza ikishindwa baada ya muda wake, tunajaribu nyingine. Ikifaulu, tunaendelea miezi sita hadi kumi na miwili, kisha tunaipunguza tuone.

Mambo mengine mnayajua: kula kwa wakati, kunywa maji, kulala na kuamka saa zilezile. Yanasaidia, ila msimwambie mgonjwa kwamba anaumwa kwa sababu hanywi maji. Anaumwa kwa sababu ana ugonjwa.

Nilisema nitawarudia wale wanaoona vimulimuli. Kina mama, kama unaona hivyo, mwambie muuguzi wa kupanga uzazi kabla hajakupa vidonge. Vile vyenye homoni mbili vikichanganyika na kipandauso cha namna hiyo huongeza hatari ya kiharusi. Ziko njia nyingine salama, utapewa.

Na kuna kichwa kisichongoja daftari wala kliniki. Kimekuja ghafla kama radi, kikali kuliko chochote ulichowahi kukijua. Kina homa na shingo imekakamaa. Mkono au mguu umelegea, maneno yanapotea, mtu amepoteza fahamu au amepata degedege. Kimekuja baada ya kuanguka na pikipiki. Mjamzito anaumwa kichwa na macho yanaona ukungu. Kimeanza kwa mara ya kwanza mtu akiwa amepita miaka hamsini. Huyo mlete hospitali, na wale wa dalili za ghafla waje usiku huohuo.

Naona kijana wa bodaboda ana swali. Anauliza kama anaweza kumeza amitriptilini na kuendesha. Swali zuri sana. Imeze mapema jioni, saa moja au saa mbili, si saa sita za usiku, ili usingizi uishe kabla ya alfajiri. Siku za kwanza usipande pikipiki mpaka ujue inakufanyaje. Ukiamka umelewa usingizi, rudi tupunguze au tubadilishe.

Na yule mama anayenong'ona kuhusu mimba: ukiwa mjamzito au unatarajia, usianze wala usiache dawa yoyote ya kinga bila kuja kliniki. Wengi kichwa hupungua wakiwa na mimba, hasa ile miezi ya katikati na ya mwisho, kwa hivyo huenda tukaisimamisha kwa utaratibu.

Dakika zangu zimeisha, mtu wa mifugo ananiangalia. Presha inapimwa pale chini ya mwembe, na anayetaka kuanza propranolo lazima apite hapo kwanza. Njooni na tembe zote mnazotumia, hata zile za jirani, muweke mezani niziangalie.