Dawa ya ukungu wakati wa kiangazi



Anayenunua nyanya katika soko la Ilala au Buguruni amekwisha kuziona zile zenye vumbi jeupe lililoganda karibu na kikonyo, kama unga wa muhogo. Wengi huzipangusa kwa pembe ya kanga, wakazitia kikapuni na kuendelea na safari. Vumbi hilo mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu. Na ukilikuta mwezi Februari, wakati jua limekausha hata nyasi za kando ya barabara pale Mombo, una haki ya kuuliza: ni ukungu gani huo uliokuwa ukipigwa vita katikati ya kiangazi?

Mkulima wa Lushoto hujiuliza swali hilo hilo, ila kwake linakuja na hesabu. Nyanya hukaa shambani miezi mitatu hivi tangu kupandikizwa. Akipiga dawa kila wiki, kama ilivyo desturi ya wengi, ni mara 12 kabla hajamaliza kuchuma. Kila mara ni pakiti ya dawa, ni maji ya kupandishwa kutoka bondeni, ni kibarua wa kubeba bomba mgongoni, naye mara nyingi hana glavu wala kitu cha kufunika pua. Ikiwa nusu ya siku hizo hapakuwa na ugonjwa wa kuzuia, fedha imemwagwa chini. Na dawa yenyewe imebaki juu ya tunda, maana wakati wa masika mvua huosha sehemu yake, lakini kiangazi hakuna mvua ya kuiosha.

Je, basi tumwambie aweke bomba ghalani hadi mvua zirudi? Laiti jambo lingekuwa jepesi hivyo!

Milima ya Usambara Magharibi ina masika, kuanzia Machi hadi Mei, na ina vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati yake kuna vipindi viwili ambavyo sisi wa mjini huviita kiangazi vyote viwili, kumbe havifanani. Januari na Februari jua ni kali na majani hukauka mapema asubuhi. Lakini Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi. Mvua ni chache, ila wingu la kutoka baharini hugonga mlima na kukaa. Ukienda Malindi au Lukozi asubuhi ya mwezi wa saba, utalowa magoti kwa umande kabla hujafika katikati ya shamba la viazi, na pengine saa nne inafika jua halijaonekana. Lugha yetu imeupa jina moja ule moshi mweupe wa asubuhi na ule ugonjwa wa majani. Vyote ni ukungu, na waliotoa jina hilo hawakukosea sana.

Adui mkubwa wa nyanya na viazi mviringo huko juu ni bakajani chelewa. Ndio ugonjwa uliopukutisha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo. Mbegu zake ni ndogo mno, huruka kwa upepo, na zikitua juu ya jani haziwezi kuingia ndani mpaka zikute maji. Zinataka jani lililolowa kwa saa nyingi mfululizo, tena katika hali ya ubaridi. Jua likiwaka na jani likakauka, nyingi hufa. Kwa hiyo anayelima bondeni kwenye joto mwezi Februari, akapiga dawa ya bakajani chelewa kwa sababu tu siku saba zimetimia, anamlinda mgonjwa asiyekuwapo. Na jirani yake wa Lukozi anayekaa bila dawa mwezi Julai, kwa sababu tu redio imesema ni kiangazi, anaweza kupoteza shamba zima kwa muda wa wiki moja au mbili.

Kinachoamua, basi, ni ule unyevu wa jani, na mkulima anaweza kuutazama kwa macho yake mwenyewe. Majani yamelowa hadi saa ngapi leo? Na jana? Kuna madoa ya kijivu yaliyolowana, yenye ukungu mweupe chini ya jani? Kwa jirani je, ambaye upepo unatoka kwake?

Kuna unyevu mwingine ambao mkulima huuleta mwenyewe. Kilimo cha kiangazi ni cha umwagiliaji, na wapo wanaomwagilia jioni kwa mpira au keni, maji yakipigwa juu ya majani. Shamba hilo litalala limelowa hadi asubuhi. Mtu huyo ameutengenezea ugonjwa masika yake ya siri, kisha anakwenda dukani kununua dawa ya kuutibu. Maji yakipita kwenye mfereji hadi shinani, au yakimwagwa asubuhi ili jua liyakaushe, dawa kadhaa zinaokolewa bila gharama yoyote.

Tena si kila ugonjwa unapenda maji. Ubwiri unga, ule unaonyunyiza jani kama limepakwa poda, hustawi katika ukavu. Wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaujua vizuri, maana huushambulia mkorosho unapotoa maua katika miezi hiyo hiyo isiyo na mvua, na salfa hupigwa wakati huo kwa sababu nzuri kabisa. Anayesema dawa ya ukungu haina kazi kiangazi akawaulize wakulima wa korosho.

Lakini balaa kubwa la nyanya za kiangazi siku hizi ni mdudu. Kantangaze, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuripotiwa nchini mwaka 2014, huzaana haraka kwenye joto na ukavu. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani, likabaki na mabaka makavu ambayo kwa mbali hufanana na baka la ugonjwa. Mkulima akiona jani limeungua huchukua dawa aliyonayo, na aliyonayo ni ya ukungu. Kiwavi wala hashtuki. Hapo ndipo bwana shamba au bibi shamba angefaa kuliko dawa yoyote, kama yupo karibu. Vijiji vingi vya mlimani humtegemea muuza duka la pembejeo kwa ushauri, na muuza duka, tusimlaumu sana, anaishi kwa kuuza.

Ipo na sababu nyingine ya kutopiga ovyo. Mankozebu, dawa iliyozoeleka sana, hukaa juu ya jani kama koti. Huzuia, haiponyi. Metalaksili huingia ndani ya mmea, nayo ilipokuja katika miaka ya sabini ilisifiwa kuwa mwisho wa matatizo. Mwaka 1980 tayari kulikuwa na bakajani sugu lisiloisikia huko Ireland na Uholanzi. Dawa inayopigwa bila sababu huufundisha ugonjwa namna ya kuizoea.

Na mlaji? Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoongeza kibali cha mankozebu, kwa sababu ya madhara yake katika uzazi na homoni za mwili. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyorithi kazi za taasisi ya TPRI ya Arusha. Kila dawa iliyosajiliwa huwa na maelezo ya siku za kungoja kati ya kupiga na kuvuna. Lori likishafika Soni na bei ya Dar es Salaam ikiwa nzuri, siku hizo za kungoja ndizo za kwanza kusahauliwa.

Mankozebu iliyobaki juu ya nyanya huoshwa kwa kiasi kikubwa kwa maji mengi na kusugua. Ioshwe kabla ya kukatwa na kabla ya kuingia chunguni, kwa kuwa dawa hiyo ikipata moto huzaa sumu nyingine mbaya kuliko yenyewe. Kupangusa kwa kanga hakutoshi, na kanga yenyewe ndiyo ile utakayomfunikia mtoto.

Nimetaja bei, na hapo ndipo sisi wa mjini tunapoingia shambani bila kujua. Mkulima wa Lushoto anapopiga dawa ya kumi na mbili mwezi Februari, mara nyingi haogopi ugonjwa. Anaogopa tenga lake kurudishwa sokoni kwa doa lenye ukubwa wa punje ya mtama. Dalali huligeuza, akaliona doa, akakata bei nusu, naye anafanya hivyo kwa kuwa anajua mimi na wewe tutalichagua fungu la pembeni, lile linalong'aa.