Haki za Binadamu, Mabalozi na Tangi Letu la Maji

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakufika nao wayasome na kuyajadili katika mikutano yao.)



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya haki za binadamu na uhusiano wa nchi na nchi, mama mmoja alituuliza pale mlangoni: "Sasa haya mambo ya mabalozi yanahusu nini na tangi letu la maji?" Mama, asante. Swali lako ndilo tutakalolijibu asubuhi hii.

Kwanza tuelewane maneno. Siasa ya mambo ya nje ni jinsi taifa linavyoishi na mataifa mengine: nani ni rafiki, nani tunafanya biashara naye, nani anatukopesha, na nani tumemnunia. Balozi ni mjumbe wa nchi yake, anayetumwa kukaa kwa wenzake. Na haki za binadamu ni zile ambazo mtu anazo kwa sababu ni mtu. Si zawadi ya chifu wala ya rais. Sisi Wakristo twasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi. Umoja wa Mataifa ulitoa Azimio la Haki za Binadamu tarehe 10 Desemba 1948. Mwaka 1963 Papa Yohane wa XXIII naye aliandika juu ya haki hizo katika barua yake Pacem in Terris, na hakuwaandikia Wakatoliki peke yao bali watu wote wenye mapenzi mema.

Ugumu uko wapi? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 unasema mambo mawili. Unasema mataifa yakuze haki za binadamu. Tena unasema mambo ya ndani ya nchi yasiingiliwe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 nao unawakataza mabalozi kuingilia mambo ya ndani ya nchi walikotumwa. Ni kama jirani anayempiga mkewe usiku. Unasikia kilio ng'ambo ya ua. Ukienda, utaambiwa, "Hii ni nyumba yangu, rudi kwako." Ukinyamaza, kesho utamtazamaje yule mama kisimani? Mataifa nayo hukaa katika shida hiyo hiyo. Tutawapa visa vitatu vya hapa kwetu Kenya.

Kisa cha kwanza: jirani aliyenyamaza

Mwezi wa Februari 1984, huko Wajir, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi waliuawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Walioshuhudia wanahesabu mamia, na wengine husema walipita elfu moja.

Alikuwako Wajir mama wa Kiitalia, Annalena Tonelli, Mkatoliki mlei, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu. Yeye na wenzake walikwenda kuwaokota majeruhi na kuwazika maiti. Habari zilifika kwenye balozi za nje kule Nairobi. Lakini mataifa rafiki hayakupaza sauti, na misaada iliendelea kuja kama kawaida. Kwa nini? Wakati ule ulikuwa wa vita baridi. Tangu mwaka 1980 Marekani ilikuwa na mapatano na Kenya ya kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Rafiki wa namna hiyo hasumbuliwi. Aliyelipa ni Annalena mwenyewe, kwani alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea kuwatibu Wasomali hadi alipouawa kule Borama mwezi wa Oktoba 2003.

Kisa cha pili: jirani aliyesema

Mwezi wa Oktoba 1990 Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Serikali ilisema amekamatwa Nairobi na silaha. Yeye akasema ametekwa nyara huko Uganda na kuletwa kwa nguvu. Koigi alikuwa mkimbizi aliyepewa makao na nchi ya Norwe. Norwe ililalamika wazi na kuifuatilia kesi yake. Serikali yetu ilikasirika, na mwezi huo huo ikavunja uhusiano wa kibalozi. Wanorwe wakafungasha virago.

Sasa mama mwenye tangi, sikiliza hapa. Norwe ilikuwa ikisaidia Turkana kwa miaka mingi. Ilisaidia uvuvi wa ziwani, na ile barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wake. Tuseme kweli, si kila kitu kilifaulu. Kile kiwanda cha kugandisha samaki cha Kalokol kilikuwa kimeshindwa zamani, kabla ya ugomvi. Lakini mpango wenyewe wa maendeleo ulikatika ghafla mwaka 1990 kwa sababu ya kesi iliyokuwa Nairobi. Mfugaji wa Turkana hakuwa mahakamani. Hakuulizwa na Oslo wala na Nairobi. Mnajua wazee wetu walivyosema: fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Uhusiano ulirudi mwaka 1994, lakini mradi ukikatwa katikati hauungwi kama kamba.

Je, Norwe ilikosea kusema? Sisi hatusemi hivyo. Mtu aliyekabiliwa na shtaka la kunyongwa anahitaji mtu wa kumsemea. Tunasema tu kwamba gharama ya kusema ilibebwa na watu ambao hawakuwa na sauti katika jambo lenyewe.

Kisa cha tatu: majirani wote kwa pamoja

Mwezi wa Novemba 1991 wafadhili wa Kenya walikutana Paris, chini ya Benki ya Dunia. Walikubaliana kutotoa ahadi mpya za fedha kwa muda wa miezi sita, mpaka serikali irekebishe uchumi, ipunguze ufisadi na ifungue milango ya siasa. Mwezi uliofuata, Desemba 1991, kifungu cha 2A cha katiba kiliondolewa, kile kilichotufanya tuwe nchi ya chama kimoja tangu mwaka 1982. Vita baridi vilikuwa vimekwisha, na yale yaliyokuwa yakinong'onwa sasa yalisemwa kwa sauti.

Angalieni tofauti na Turkana. Hapa zilizoshikwa hasa ni fedha mpya za kuitegemeza serikali. Hata hivyo mwananchi hakupona kabisa. Mwaka 1993 shilingi ilianguka vibaya na bei za vitu zikapanda, ingawa uporaji wa fedha za umma na noti zilizomwagwa wakati wa uchaguzi pia zilichangia sana.

Lakini msidhani ni Paris peke yake iliyofungua milango. Wakenya wenyewe walikuwa wameshasema: mawakili, maaskofu, wachungaji na vijana. Wengine walikuwa wamefungwa na kupigwa kwa ajili hiyo. Na tusiwasahau kina mama. Mwishoni mwa Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park wakidai watoto wao. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Walipigwa na kutawanywa, wakahamia kanisa kuu la Waanglikana la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Mmoja wao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi. Mwezi wa Januari 1993 mashtaka ya uhaini yaliondolewa na mwanawe akatoka.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye jibu. Balozi anaweza kufukuzwa kwa siku chache. Mama hafukuziki kwao. Rafiki wa nje anaweza kutusaidia kusema, lakini hawezi kusema mahali petu. Na hata yeye hana la kusema kama hakuna aliyeona na kueleza.

Na sisi wenyewe je?

Ni rahisi kuwahukumu Wazungu. Lakini Kenya nayo ni taifa na ina siasa yake ya nje. Mwezi wa Novemba 2024 Daktari Kizza Besigye, mpinzani wa serikali ya Uganda, alitoweka hapa Nairobi, na baada ya siku chache akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mnakumbuka Koigi alisema ametekwa Uganda mwaka 1990? Sasa ni sisi tulio na nyumba ambayo mgeni amechukuliwa ndani yake. Wakati huo huo tunataka mataifa mengine yawalinde watoto wetu wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba. Tukidai haki kwa wengine, na kwetu iwepo.

Na jambo jingine la hivi karibuni. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada la USAID. Safari hii haikuwa kwa sababu ya haki za binadamu Kenya. Serikali yao mpya iliamua fedha zao zifuate mambo yao kwanza. Hata hivyo zahanati zilitikisika, na wagonjwa waliokuwa wakipata dawa za ukimwi waliingiwa na hofu. Kwa hiyo mfadhili akiwa mwema au akiwa na lake, akiondoka kwa sababu nzuri au mbaya, bomba lililokauka ni lile lile. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tufanye nini basi?

Kwanza, kila kikundi kijue fedha zake zinatoka wapi. Muulizeni mfadhili bila woga: "Mkiondoka kesho, ni nini kitakachobaki mikononi mwetu?" Kama pampu yahitaji fundi wa kutoka mbali na vipuri vya kuagizwa ng'ambo, jibu mnalo tayari. Mchango wenu wenyewe, hata kama ni shilingi ishirini kila mkutano, uwe na daftari lake. Usimezwe na fedha za msaada.

Pili, tusikubali kuchaguzwa kati ya tangi na haki. Kuna viongozi husema, "Mkizungumza juu ya haki, wafadhili watakimbia." Na kuna wafadhili hudhani kumwadhibu waziri ni kufunga maji ya mwanakijiji. Tuwaambie wote wawili hapana. Kwa serikali tuseme kwamba aliyesema ukweli siye aliyeharibu jina la nchi. Kwa wafadhili tuseme: mkitaka kuwabana wakubwa, wabaneni wakubwa wenyewe, na msaada wa maji na dawa upitie njia nyingine.

Tatu, andikeni. Mkiona mtu amepigwa, ametoweka, au familia imefukuzwa shambani kwa nguvu, andikeni tarehe, saa, mahali, jina na walioona. Msiongeze chumvi. Uongo mmoja huua ukweli kumi. Kisha msiende mmoja mmoja, nendeni kwa pamoja, mpeleke kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia. Serikali ilisema 57, na kama walioona Wagalla wangenyamaza, leo tungekuwa tunasema 57.

Nne, tuanze katika mikutano yetu wenyewe. Je, mjane ana sauti sawa na mwenyekiti? Yule aliyeshindwa kulipa mchango kwa sababu mtoto ni mgonjwa, tunamsikiliza au tunamfuta jina tu? Kikundi kinachomnyamazisha mwanachama wake hakina haki ya kulaumu serikali.

Mama, tangi lako na mambo ya mabalozi yanahusiana hivi: siku wakubwa wakigombana, maji yako yanaweza kukatwa, na siku wewe ukinyamaza, hata rafiki wa mbali hatakuwa na neno la kusema. Linda tangi lako kwa mchango wako, na mlinde jirani yako kwa ushahidi wako.

Mungu awabariki, awabarikie na kazi za mikono yenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mradi wetu ukikosa msaada kwa mwaka mmoja, ni nini kitakachoendelea na ni nini kitakachosimama?

2. Tumewahi kuona haki ya mtu ikivunjwa hapa kijijini tukanyamaza? Tuliogopa nini?

3. Ni nani katika kikundi chetu ambaye hasemi? Tumpeje nafasi?