Swali la Mto Yordani: Toba, Ubatizo na Mwanzo wa Huduma

Mada iliyotolewa kwenye semina ya wainjilisti, makatekista na walimu wa darasa la ubatizo



Kamati ilinipa mada yenye vichwa vitatu, yaani toba, ubatizo na mwanzo wa huduma katika Maandiko, ikaniomba nieleze maana ya kila kimoja na kutoa mapendekezo. Nitafanya hivyo. Ila maana za maneno nitazipita haraka, kwa kuwa wote mliomo humu mnazifundisha, ili nipate nafasi ya tatizo moja ambalo nimelifuatilia kwa miaka mingi na ambalo bado halijapatiwa jibu.

Maana ya maneno

Neno la Kigiriki lililotupa "kubatiza" maana yake ni kuchovya au kuzamisha majini. Suala la watoto wachanga au watu wazima, maji mengi au machache, madhehebu yaliyowakilishwa hapa yana misimamo yake, na semina hii haikuitishwa kuyaamua hayo.

Toba kwa Kigiriki ni kubadili nia. Kwa Kiebrania ni kurudi, kama mtu aliyepotea njia anavyogeuka. Neno letu la Kiswahili limetoka katika Kiarabu, na huko nako mzizi wake ni kurudi. Tusilipite hilo haraka. Ndugu zetu Waislamu, tunaotumia nao neno hilihili, wanafundishwa kwamba dhambi ikigusa haki ya mtu mwingine, toba haijatimia mpaka haki hiyo imrudie mwenyewe au mwenyewe asamehe. Nalitaja hili kwa sababu Wakristo wengi wa pwani na bara tunalitumia neno hilo kila Jumapili kana kwamba maana yake ni kusikitika tu.

Huduma ni kutumika. Tuendelee.

Mpangilio wa Injili

Injili zote nne zinamweka Yohana Mbatizaji mlangoni mwa kazi ya Yesu. Marko anafungua kitabu chake naye. Luka anataja mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio, Pontio Pilato, Herode, Anasi na Kayafa, ili msomaji ajue kwamba jambo hili lilitokea katika nchi yenye serikali na kodi. Hata mitume walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, Petro aliweka sharti kwamba awe aliyekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohana. Huo ndio mwanzo waliouhesabu.

Mfuatano unajulikana: Yohana anahubiri toba, watu wanaungama na kubatizwa, Yesu anakuja na kusimama katika foleni ileile ya wenye dhambi ingawa yeye hana dhambi, mbingu zinafunguka, Roho anampeleka jangwani siku 40, Yohana anafungwa, na ndipo Yesu anaingia Galilaya akihubiri. Katika Mathayo, ujumbe wake wa kwanza ni uleule aliouhubiri Yohana: tubuni, ufalme umekaribia.

Tatizo

Miaka kadhaa iliyopita niliketi nyuma ya darasa la watu wazima katika usharika mmoja ambao sitautaja. Walikuwa wamefika kwenye amri inayokataza wizi. Mwanafunzi mmoja, mnunuzi wa viazi, akanyoosha mkono. Alieleza kwamba yeye hununua kwa lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomo, linaongezewa kilemba cha wavu juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Akauliza kama hilo nalo limo ndani ya amri hii. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba hayo ni mambo ya biashara, na kwa kuwa muda ulikuwa mchache, wakaendelea na amri inayofuata. Wiki chache baadaye yule bwana alihojiwa na wazee, akajibu yote bila kukosea, akabatizwa. Alikuja kwenye maji na swali lake mkononi, akaondoka nalo.

Simlaumu mwalimu. Kitabu alichopewa hakikuwa na nafasi ya swali lile, na mtihani aliotakiwa kumwandalia mwanafunzi wake haukuliuliza. Tangu siku ile nimepitia vitabu vingi vya mafundisho tunavyotumia. Vina Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, maana ya sakramenti. Yote hayo ni mema na sishauri lolote lipunguzwe. Lakini mwanafunzi anaulizwa anajua nini, anaamini nini, amehudhuria mara ngapi. Haulizwi anapataje chakula chake.

Yohana aliligusa hilo. Naomba tufungue Luka sura ya 3, mstari wa 10 hadi wa 14, tukae hapo, kwa sababu ni Luka peke yake aliyetuhifadhia mazungumzo haya. Yohana amekwisha kuwaambia watu wazae matunda yanayolingana na toba, na kwamba kuwa mtoto wa Ibrahimu hakutawasaidia. Wanamuuliza wafanye nini. Mara tatu swali hilo linaulizwa, na makundi matatu, na kila kundi linapata jibu lake.

Umati unaambiwa kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Kisha wanakuja watoza ushuru. Utaratibu wa kodi wa siku zile ulimwachia mtoza ushuru mwanya mpana wa kuongeza juu ya kiwango na kutia tofauti mfukoni. Yohana anawaambia wasitoze zaidi ya kilichowekwa. Hapo wanakuja askari, na Yohana anataja mambo ya askari hasa: wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, waridhike na mshahara wao.

Tazameni jinsi alivyofanya. Hakumwambia mtoza ushuru aache kazi, wala hakumpa askari sala ya kukariri. Alijua dhambi ya kila kazi inakaa wapi, akaweka kidole hapohapo. Ili ajibu vile, ilimlazimu ajue jinsi kodi inavyotozwa na jinsi askari anavyojiongezea kipato. Huyu mtu aliyekula nzige na asali ya mwitu aliyajua mambo ya sokoni kuliko tunavyoyajua sisi tunaokaa karibu na soko.

Mimi naamini kama yule mnunuzi wa viazi angefika Yordani na lumbesa yake, angeondoka na jibu. Angeambiwa: jaza gunia kwa kipimo. Wala jibu hilo si geni, maana hata sheria ya vipimo nchini inaikataza lumbesa. Inasikitisha kwamba mkaguzi wa vipimo amemwuliza mtu huyu swali ambalo kanisa lake halikumuuliza.

Mambo mawili ambayo nimejibiwa

Nimelieleza jambo hili katika vikao kadhaa, na nimeiandikia ofisi husika. Nimepokelewa kwa heshima kila mara. Nimejibiwa pia kwamba suala litaangaliwa mtaala utakapopitiwa. Sina nia ya kuvuka mamlaka ya wakuu wangu. Mtaala ni wa uongozi wa kanisa, si wa mwalimu mmoja. Lakini kuna hoja mbili zilizotolewa ambazo naona zinastahili jibu la wazi.

Ya kwanza ni kwamba tukidai matunda tutaugeuza ubatizo kuwa mshahara wa matendo mema, na neema itapotea. Hofu hiyo ni ya kweli na ninaishiriki. Lakini someni tena habari ya ubatizo wa Yesu. Sauti kutoka mbinguni ilimwita Mwana mpendwa kabla hajaponya mgonjwa hata mmoja wala kuita mwanafunzi. Upendo ulitangulia kazi. Tunda la toba si nauli ya kuvukia. Ni dalili kwamba mtu ameanza kurudi. Zakayo hakuambiwa arudishe mara nne ndipo Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu aliingia kwanza, na Zakayo mwenyewe akasimama akaanza kuhesabu aliowadhulumu.

Hoja ya pili ni kwamba Maandiko yana ubatizo wa harakaharaka. Towashi wa Kushi alibatizwa njiani, penye maji ya kwanza waliyoyaona. Na historia ya kwetu inashuhudia hivyo: Mei 1886, pale Munyonyo, Uganda, Karoli Lwanga aliwabatiza usiku vijana wa ikulu waliokuwa bado wanafundishwa, Kizito akiwa mmoja wao, kwa kuwa walijua kifo kiko karibu. Ni kweli, na anayewachelewesha watu bila sababu atajibu kwa Mungu. Ila mwangalieni mlinzi wa gereza wa Filipi, Matendo sura ya 16. Alibatizwa usiku uleule. Lakini kabla ya maji kumgusa yeye, aliyatumia maji kuwaosha Paulo na Sila mapigo yao, yaani majeraha ya watu waliokuwa chini ya ulinzi wake, ambao yeye mwenyewe alikuwa amewafunga miguu kwenye mkatale. Tunda lake lilionekana katika kazi yake, ndani ya saa moja. Kwa hiyo sidai miezi zaidi. Ninachodai ni swali, na swali linaweza kuulizwa usiku mmoja.

Wazee wetu walilijua hili. Kanisa la karne za kwanza, kwa mujibu wa maandishi yanayoitwa Mapokeo ya Mitume, liliuliza kabla ya kubatiza kama mtu amewaheshimu wajane na kuwatembelea wagonjwa. Na katika Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, watu walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyoyakana. Wengi wao walikuwa wamebatizwa zamani. Walichokuja kukifanya baadaye ndicho ambacho darasa lingewasaidia kukifanya mapema.

Mwanzo wa huduma

Hapa nitakuwa na maneno machache, ingawa tatizo ni lilelile. Baada ya maji, Yesu alipelekwa jangwani. Majaribu yote matatu yalihusu jinsi ya kutumia nafasi yake: kwa mkate, kwa kujionyesha hekaluni, kwa falme. Yalikuja kabla ya mahubiri ya kwanza. Paulo alianza kuhubiri Dameski mara moja, lakini anawaandikia Wagalatia kwamba alikwenda Arabia, na kwamba Yerusalemu alipanda baada ya miaka mitatu. Apolo alikuwa msemaji hodari aliyejua ubatizo wa Yohana tu, na Prisila na Akila hawakumwaibisha hadharani. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Sisi mtu akibatizwa leo, akiwa na sauti nzuri au mfuko mzuri, mwezi ujao yuko jukwaani au kwenye kamati. Yule mnunuzi wa viazi aliwekwa kamati ya fedha kabla ya mwaka kuisha. Nilimwona sokoni msimu uliofuata. Magunia yake yalikuwa bado na vilemba.

Mapendekezo

Kwanza, kila kitabu cha darasa la ubatizo kiwe na somo moja kamili juu ya Luka 3:10–14, na somo hilo lisiwekwe mwishoni ambako muda huwa umekwisha.

Pili, kila mwanafunzi aeleze kazi yake mbele ya mwalimu, na wazungumze wawili, faraghani, kuhusu mahali ambapo dhuluma hujificha katika kazi hiyo. Mwenye bodaboda, karani wa ghala, muuza maziwa, mwalimu wa shule, askari wa barabarani, mama mwenye msaidizi wa nyumbani ambaye hajamlipa mshahara: kila mmoja ana Yordani yake.

Tatu, walimu wafundishwe mambo ya kazi za watu. Wajifunze mizani, mikopo ya vikundi, mikataba ya vibarua. Bila hivyo tutaendelea kujibu kwamba hayo ni mambo ya biashara.

Nne, mwenye cha kurudisha asaidiwe kurudisha. Asiachwe peke yake, maana kumwendea uliyempunja ni jambo la aibu na wakati mwingine la hatari. Mzee mmoja mwenye busara aende naye. Siri itunzwe.

Tano, wazazi na wasimamizi wanaoleta watoto wachanga waulizwe maswali hayohayo, kwa kuwa wao ndio wanaojibu kwa niaba ya mtoto.

Sita, mahojiano ya wazee yasiwe ya kukariri tu. Narudia: yasiwe ya kukariri tu.

Saba, aliyebatizwa asipewe uongozi, mimbari wala fedha kabla ya kipindi cha malezi ambacho uongozi wa kanisa utakiweka, na awe na mlezi anayejulikana kwa jina, kama Apolo alivyokuwa na Prisila na Akila.

Nane, sharti hilo liwahusu wenye uwezo wa mali sawasawa na wengine.

Tisa, cheti cha ubatizo kitolewe kwa utaratibu uliopo, lakini mwalimu asibanwe kumaliza darasa kwa sababu mtu anakihitaji kwa ndoa au shule.

Kumi, kamati ya mtaala ipewe tarehe ya kujibu. Jambo hili limesubiri vya kutosha.

Makundi ya Pasaka yataanza darasa muda si mrefu. Walimu wenzangu, msingoje kitabu kipya. Siku ya kwanza, kabla ya kugawa madaftari, someni mistari ile mitano, kisha mmwombe kila aliyekuja aseme anafanya kazi gani, na mumsikilize mpaka amalize.