Nyumba ya Chama ni Amana: Makao Makuu ya Vyama vya Siasa katika Tanzania



Aghalabu tunapovijadili vyama vya siasa hujadili katiba zao, ilani zao na sifa za viongozi wao, ilhali nyumba ambamo mambo hayo yote hupangwa, huandikwa, na pengine hugombaniwa, tunaipita barabarani pasi na kuitupia jicho. Leo, kwa idhini yako, Ndugu Mwenyekiti, naomba tuingie ndani ya nyumba hizo, tuulize zilipatikana kwa jasho la nani, hati zake zimo mikononi mwa nani, na madaftari ya wanachama yamehifadhiwa wapi. Muradi wangu ni kuonyesha kwamba makao makuu ya chama ni amana waliyoachiwa viongozi na wanachama, ambao wengi wao ni watu wa pato dogo, na kwamba chama kinachoisahau amana hiyo huanza kuwapoteza watu wake mapema sana, kabla hakijapoteza hata kura moja.

Tuanzie Dar es Salaam, ukingoni mwa Kariakoo, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, katika mtaa ambao zama za Waingereza uliitwa New Street, na ambao baada ya uhuru ukapewa jina la Patrice Lumumba. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya African Association, chama kilichoasisiwa mwaka 1929, rais wake wa kwanza akiwa Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Na hapo ndipo, tarehe 7 Julai 1954, waasisi kumi na saba walipokata shauri la kuiondoa TAA (Tanganyika African Association, jina ambalo chama kile kilikuwa kimelichukua) na kuisimamisha TANU, Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu katika shule ya Pugu, akawa rais wake. Haikuwa kasri nyumba ile, wala chama hakikuwa na hazina ya kujivunia. Lakini ilikuwa mahali panapojulikana, ambapo mtu aliyetoka Lindi, Tabora au Bukoba, akiisha kushuka garini au merikebuni, angeweza kuulizia njia akaonyeshwa mlango, akaingia akakuta karani, daftari na mtu wa kumsikiliza. Mwaka 1955, Mwalimu alipoiacha kazi yake ya Pugu ili akitumikie chama, na Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaita wanawake wa mji kwa kupitia vyama vyao vya ngoma, wakaitikia kwa maelfu, ofisi ile ndogo ikawa imebeba mzigo ambao serikali ya mkoloni, pamoja na majengo yake yote ya ufukweni, haikuutarajia.

Wala isidhaniwe kwamba kazi ya makao makuu wakati huo ilikuwa hotuba tu. Kilichochapwa ofisini humo kilikuwa na uzito wa pekee, na ushahidi ni kisa cha Sauti ya TANU, jarida la kurasa chache lililotolewa na chama, ambalo toleo lake la 29 lilisababisha Nyerere ashtakiwe mwaka 1958 kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ililipwa. Ninalolitilia mkazo ni kwamba chama kilikuwa na sauti yake iliyoandikwa, yenye namba ya toleo na mtu wa kuiwajibikia mbele ya hakimu, na kwamba rais wa chama alikubali kusimama kizimbani kwa ajili ya karatasi iliyotoka ofisini kwake. Sijui kama leo tunavyo vyama vingi vinavyoweza kutuonyesha, kwa mpango na kwa tarehe, kila tamko lililotoka makao makuu katika miaka kumi iliyopita.

Upande wa pili wa bahari, Kisiwandui, Zanzibar, mambo yana sura nyingine, nayo yataka tuyatazame kwa taadhima. Afro-Shirazi (ASP) ilizaliwa tarehe 5 Februari 1957, kwa kuungana African Association na Shirazi Association, na afisi yake kuu ya Kisiwandui, nje kidogo ya Mji Mkongwe, haikupata kuwa afisi peke yake. Ilikuwa barza pia, mahali ambapo watu huketi baada ya alasiri, habari zikasikilizwa na mashauri yakatolewa bila ya kuandikiana barua. Sheikh Abeid Amani Karume, hata baada ya kuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, hakuiacha ada ya kuketi hapo na wenzake jioni, na ndipo hapo, tarehe 7 Aprili 1972, alipopigwa risasi akafariki, akazikwa katika uwanja wa afisi hiyo hiyo. Tangu hapo, kila ifikapo tarehe hiyo, viongozi wa chama na serikali hukusanyika Kisiwandui kwa khitma na dua. Kwa hiyo nyumba ile ni afisi na ni ziara. Watu huingia kwa shughuli za kadi na ada, na watu huingia kuinua mikono kumwombea maiti. Mtu anayetaka kufahamu kwa nini siasa za Visiwani zina uchungu mkubwa wa mahali na wa kumbukumbu, kuanzia afisi kuu hadi maskani za mitaani, na aanzie hapo.

TANU na ASP zilipoungana tarehe 5 Februari 1977 zikawa Chama Cha Mapinduzi, na kwa kuwa TANU ilikwisha kuamua mwaka 1973 kwamba mji mkuu uhamie Dodoma, makao makuu ya chama kipya yakawekwa huko, huku Lumumba ikibaki ofisi ndogo ya makao makuu na Kisiwandui ikibaki Afisi Kuu ya Zanzibar. Utaratibu huo wa nyumba tatu ungalipo hadi leo, na mimi nauona kuwa ni wa hekima, maana ulizihifadhi nasaba mbili za chama bila ya kuifuta hata moja. Lakini zama zile ndizo pia zilizotuachia mushkeli ambao hatujaumaliza. Chama kimoja kilipokuwa kimeshika hatamu, mpaka baina ya mali ya chama na mali ya umma ulififia. Tawi la chama lilikuwa kazini, lilikuwa kambini, balozi wa nyumba kumi alikuwa ndiye mlango wa kwanza wa raia kwa chama na kwa serikali pia, na ulipotolewa mchango wa kujenga ofisi au uwanja wa michezo, hakuna aliyeuliza iwapo anachanga akiwa mwanachama au akiwa raia. Viwanja kama CCM Kirumba cha Mwanza na Sheikh Amri Abeid cha Arusha vimebaki katika milki ya chama, na tangu mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa, vyama vya upinzani havikuacha kudai kwamba mali za namna hiyo zilijengwa kwa nguvu za wananchi wote. Chama chenyewe, mwishoni mwa mwaka 2017, kilimteua Dakta Bashiru Ally aongoze uhakiki wa mali zake, na miezi michache baadaye akawa Katibu Mkuu. Kule kuunda tume kwenyewe ni ungamo kwamba hata chama kikongwe kuliko vyote hakikuwa na yakini kamili ya kile kinachokimiliki. Na lau hesabu hiyo ingewekwa mbele ya wananchi yote kwa ukamilifu, mjadala wa miaka mingi ungepata msingi mmoja wa kusimamia.

Sheria ya Vyama vya Siasa, namba 5 ya mwaka 1992, ilileta masharti mapya. Chama hupewa kwanza usajili wa muda, wenye uhai wa siku 180, na kabla ya kupata usajili wa kudumu hupaswa kuonyesha wanachama wasiopungua 200 katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Tena kiwe na ofisi kuu ndani ya Jamhuri ya Muungano, yenye anwani inayofahamika. Muradi wa sharti hilo ni mwema, kwa sababu chama kisicho na mlango hakiwezi kuitwa mbele ya mahakama wala kuulizwa na mwanachama wake. Walakini, sheria iliyodai ofisi haikuweza kumpa mtu ofisi, na vyama vingi vilivyozaliwa wakati ule vilianza maisha katika vyumba vya kupanga, mara kwa hisani ya mwanachama mmoja mwenye nyumba, mara kwa kodi iliyotoka mfukoni mwa mwenyekiti. Hapo ndipo ilipoingia kasoro ambayo naiona kuwa kubwa kuliko umaskini wenyewe: mwenye kulipa kodi akawa mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo akawa mwenye chama. Chama cha namna hiyo kikigombana na mfadhili wake, hujikuta barabarani siku hiyo hiyo, kabati la mafaili likiwa limefungiwa ndani. Chadema kwa miaka mingi ilijulikana kwa mtaa wa Ufipa, Kinondoni, hata jina la mtaa likawa kwa waandishi wa habari ni jina la chama, kabla haijahamia Mikocheni. Na kuna vyama vidogo vilivyohama mara nyingi mno, hata wanachama wake wa mikoani hawajui waelekeze wapi barua.

Lakini mfano ulio mzito kuliko yote ni ule wa Chama cha Wananchi, CUF, nao nitaukalia kidogo. Chama hicho kilikuwa na makao makuu Mtendeni, mjini Zanzibar, na ofisi kuu nyingine Buguruni, Dar es Salaam, mgawanyo uliofanana na chama chenyewe, ambacho kilikuwa na mizizi Pwani, Unguja na Pemba, na viongozi wa pande zote mbili za Muungano. Profesa Ibrahim Lipumba, aliyejiuzulu uenyekiti mwezi Agosti 2015, aliporudi mwaka uliofuata na Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua kuwa mwenyekiti, yeye na wafuasi wake waliingia Buguruni, ilhali Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu, na wenzake wakabaki na nguvu zao Visiwani. Chama kimoja kikawa na nyumba mbili zisizosemezana. Mgogoro ukahamia mahakamani, na zingatieni, waheshimiwa, walishindana juu ya nini hasa: ni nani mwenyekiti halali, ni nani wajumbe halali wa Bodi ya Wadhamini, na ruzuku ya serikali iingie katika akaunti ya nani. Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyompa Profesa Lipumba ushindi, na siku hiyo hiyo Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Kilichofuata Unguja na Pemba hakikuandikwa katika sheria yoyote: ofisi za matawi zilizokuwa za CUF zikapakwa rangi ya zambarau ya ACT, bendera zikabadilishwa, na watu wale wale wakaketi katika barza zile zile.

Wako waliosema kwamba huo ulikuwa uvunjaji wa haki ya mali, nao wana hoja, maana jengo lililosajiliwa kwa jina la chama haliwi la chama kingine kwa ndoo ya rangi. Lakini mimi nawaelewa pia wale waliopaka, kwa sababu aliyebeba mawe na kuchanga saruji kujenga tawi la kijijini kwake Pemba hakuona kwamba nyumba ile ni ya ofisi ya Buguruni. Haki ya hati ilikuwa upande mmoja na haki ya jasho upande wa pili, na hakukuwa na daftari la kuzipatanisha.

Hapa pwani tunao utaratibu wa kale ambao ungetufaa, nao ni wakfu. Mtu anapoiweka nyumba wakfu, mutawalli huishika, huitengeneza na huihesabia mapato yake, lakini haiuzi, hairithishi, wala haiiti yake. Na akifanya hiyana, wanaostahili wana pa kushtakia. Bodi ya Wadhamini, ambayo sheria ya 1992 inakitaka kila chama kiwe nayo kwa ajili ya kusimamia mali, ingepaswa kuwa na adhama ya mutawalli. Katika vyama vingi, hata hivyo, wadhamini huteuliwa na viongozi wale wale ambao mali inapaswa kulindwa dhidi yao, hukutana kwa nadra, na majina yao hayafahamiki kwa mwanachama wa kawaida mpaka siku ya kesi. Ningependa wadhamini wachaguliwe na mkutano mkuu, wasiwe na cheo kingine chochote katika chama, na hati ya kila jengo, kuanzia makao makuu hadi tawi, iandikwe kwa jina lao, pamoja na sijili ya waliochanga na walichochanga, iwe fedha, iwe mawe, iwe siku za kazi.

Jambo la mwisho ni karatasi. Nyaraka za TANU na CCM zimo Dodoma, na watafiti wamezitumia kuandika vitabu. Ni hazina ya taifa zima, ghairi ya itikadi ya mtu. Lakini mihtasari ya mikutano ya vyama vilivyozaliwa baada ya 1992, orodha za wagombea wa uchaguzi wa 1995, barua walizoandikiwa viongozi na wanachama wa vijijini, nyingi zimekuwa zikihamishwa kwa mikokoteni kutoka chumba cha kupanga hadi chumba kingine, zikiliwa na mchwa na kuloa mvua za masika. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inao wataalamu wawezao kuwafundisha makarani wa vyama namna ya kuzipanga na kuzihifadhi, bila ya kuzichukua wala kuingilia siri za chama kilicho hai. Baadhi ya wazee walioziandika wangali nasi, na wao ndio wawezao kutuambia saini hii ni ya nani na kikao hiki kilifanyika wapi. Naiomba semina hii, Ndugu Mwenyekiti, ipitishe azimio la kuwaandikia makatibu wakuu wa vyama vyote, pamoja na Msajili, ili kazi hiyo ianze kabla ya mwaka huu kwisha.